Karai la Jumapili

Wewe ungemuua mtu kwa sababu ya siku ya juma? Usijibu haraka. Wengi wanaosema hapana hawajawahi kushika dhahabu.

Mambo haya yalimkuta Rufina, bibi wa mabibi zangu upande wa mama. Mama yangu alinisimulia akichambua maharage, bila kupunguza wala kuongeza, kama mtu anayekwambia mvua imenyesha wapi. Baadaye nilikwenda chuo kikuu, nikafundishwa kutoamini jambo mpaka nilione limeandikwa. Nikalitafuta. Nikalikuta limeandikwa. Tangu siku hiyo nimepunguza kubishana na mama.

Ilikuwa mwaka 1699, mwezi Juni, huku Minas, Brazili, kulipokuwa bado hakujaitwa Minas. Walikuwa watu tisa porini, kando ya kijito cha Samambaia. Mkubwa wao alikuwa Kapteni Estêvão Falcato, mtu wa São Paulo, aliyetembea peku kama wenzake wote wa kule. Alikuwa mpole kila alipokuwa hana cha kupoteza. Siku walipoondoka mji wa Taubaté aliweka mkono juu ya msalaba mbele ya watumwa wake wote akaapa: siku sita mchanga wa mtoni ni wangu, Jumapili mchanga ni wa atakayeuosha. Waliitikia amina. Kiapo kile hakikumgharimu kitu. Miezi saba ilipita hawajaona hata punje.

Rufina na mumewe, Amaro, walitoka Pwani ya Mina, Afrika Magharibi, ng'ambo ya bahari, kwenye mito ambako watoto hujifunza kuosha dhahabu kabla ya kujifunza kudanganya. Mabwana wa nchi hii waliamini kwamba mwanamke wa Mina huivuta dhahabu kwa uchawi, na kwamba machimbo yasiyo na mwanamke wa Mina hukauka. Uchawi wenyewe ulikuwa kujua kazi. Lakini bwana gani atakiri kwamba mtumwa wake anajua kazi kuliko yeye? Ni rahisi zaidi kusema mchawi.

Jumapili hiyo ukungu ulikuwa mzito, wa baridi, kama maziwa yaliyomwagika mlimani. Rufina alikuwa ameketi akipasua mianzi kutoa funza weupe wanaoishi ndani yake, maana unga ulikuwa umekwisha. Amaro alichukua karai lake. Lilikuwa karai la mti, pana, lenye kitovu katikati, ambalo alilichonga mwenyewe. Lilipopata ufa alilishona kwa kamba ya mnanasi pori na kuziba kwa nta.

Tibúrcio, Mwangola aliyekuja nao kwenye safari, alikuwa amelala chali karibu na moto.

"Shemeji, unakwenda kuoga au kutafuta utajiri?"

"Vyote."

"Ukiupata usinisahau. Mimi nataka viatu tu."

"Viatu kwa hiyo miguu? Ng'ombe mzima hatatosha."

Rufina alicheka. Amaro aliinama sikioni kwake. "Ya Jumapili ya kwanza nakukomboa wewe. Ya pili najikomboa mimi. Halafu hawatuoni tena." Akaingia ukunguni, na ukungu ukafunga nyuma yake.

Kapteni alimaliza kunyoa ndevu. Akafuata njia ileile, akisema anakwenda kutazama mtego wake.

Alirudi peke yake jua likiwa limeinama. Nywele zake zilikuwa zimelowa. Mkononi alikuwa na sululu, na ile sululu ilikuwa safi, mpini na chuma. Rufina aliitazama kwa muda mrefu. Kapteni Falcato hakuwa mtu wa kuosha vifaa vyake. Alikuwa na watu wa kumwoshea.

Jumatatu asubuhi akatangaza kwamba Amaro ametoroka.

"Ametoroka bila blanketi?" Rufina aliuliza. "Bila kisu? Bila mimi?"

"Nyie watu hamna shukrani."

Saa sita mchana, siku hiyohiyo, Kapteni alipiga kelele kutoka mtoni. Alikuwa na punje nyeusi kiganjani, nyeusi kama baruti. Aliing'ata moja, weusi ukabanduka, njano ikatoka.

Sasa elewa jambo moja, maana hapa ndipo roho ya Rufina ilipokuwa imening'inia. Msimamizi wa machimbo wa mfalme angekuja na kitabu chake, na Kapteni angetamka mbele yake: nimevumbua mimi, mahali fulani, siku fulani. Neno la mtumwa halikuandikwa kitabuni. Neno la Kapteni liliandikwa, na wino ukishakauka hakuna wa kuufuta. Ikiandikwa Jumatatu, Amaro ni mtoro, na mke wa mtoro huuzwa. Ikiandikwa Jumapili, kiapo cha msalabani kinasimama: dhahabu ya kwanza ilikuwa ya Amaro, na mjane wake ana haki ya kununua uhuru wake kwa dhahabu hiyo. Ilihitajika siku moja ya juma, na ilihitajika itoke kinywani mwa mtu mmoja tu.

Habari za dhahabu hazina miguu lakini hufika. Kufikia Agosti walikuwa wamejaa bondeni: watu wa pwani, mapadri waliokimbia nyumba zao za kitawa, wafua vyuma, waliofilisika, waliokwepa kunyongwa. Kila mmoja na sululu, hakuna aliyekuja na jembe wala mbegu. Msitu ulichomwa, mto ukageuzwa tope, na mahindi hayakupandwa na yeyote. Wakaanza kufa. Walikutwa wameegemea miti, mfukoni dhahabu, mdomoni majani.

Lakini ile sauti ilianza kabla yao.

Ilianza Jumapili iliyofuata. Ukungu ulikuwa umeshuka tena, na wote wanane walikuwa wamekaa kuuzunguka moto. Kutoka mtoni ikasikika. Shwaa. Shwaa. Shwaa. Ni mchanga unaozungushwa ndani ya mti. Aliyewahi kuishi mtoni hawezi kuufananisha mlio huo na kitu kingine.

Tibúrcio aliwatazama wenzake mmoja mmoja, midomo ikicheza. Kisha akajitazama na yeye.

"Tuko wote," alinong'ona.

Kapteni alisema ni maji tu. Hakunyanyuka kwenda kuyatazama.

Jumatatu alfajiri karai lilikuwa mlangoni pake. Lilikuwa limelowa. Ndani yake mchanga mweusi ulikuwa umesukumwa upande mmoja, umepangika vizuri, na nyuma yake mkia mwembamba wa dhahabu, kama anavyouacha fundi. Ufa ulikuwa umeshonwa kwa kamba ya mnanasi pori.

"Nani kaliweka?" Kapteni aliguna, uso umempauka. "Wewe, Tibúrcio?"

"Mimi, Bwana? Mimi nikiona dhahabu naiweka mlangoni kwako? Unanifahamu kweli?"

Kapteni alilitia motoni kwa mikono yake, akasimama hapo mpaka likawa majivu. Akayapondaponda kwa kisigino.

Jumatatu iliyofuata lilikuwepo. Kamba ileile, nta ileile. Halikuwa na alama ya moto. Alipoligusa aliuvuta mkono haraka, kwa sababu lilikuwa na uvuguvugu, kama kigoda ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Akamwita Rufina.

"Ukomeshe uchawi wako."

"Uchawi gani?"

"Nyie watu wa Mina nawajua."

"Bwana Kapteni," Rufina alisema, "ningekuwa mchawi, mpaka leo ungekuwa na meno?"

Alinyanyua mjeledi. Rufina hakurudi nyuma.

"Piga. Kisha ushuke mtoni ukaoshe mwenyewe, tuone utapata nini."

Mjeledi ulishuka, lakini ulishuka polepole, ukagusa ardhi. Wiki nzima iliyofuata Rufina aliosha mchanga wa Kapteni, na kila karai lilitoka tupu. Hapa nasema wazi: hakuna jini aliyehusika. Mwanamke anayejua kukusanya punje anajua pia kuinamisha karai kidole kimoja tu zaidi na kuzirudisha mtoni, macho ya bwana wake yakiwa wazi kabisa. Alimwibia Kapteni mbele yake, akairudishia ardhi. Kapteni akaamini bahati imemkimbia. Hakumgusa tena na hakumuuza. Imani yake ya kijinga ndiyo iliyomlinda Rufina, naye aliitumia bila aibu.

Lile la Jumapili, hata hivyo, halikuwa lake. Na lilimtisha yeye kuliko wote.

Jumapili moja mwezi Septemba Rufina alikwenda mtoni. Alikwenda mchana, ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba hakuuona mkono wake. Alifuata mlio. Shwaa. Shwaa. Alipofika kwenye changarawe akasimama.

"Amaro?"

Mlio ukakatika.

Hakuna ndege. Hakuna chura. Hata mto ulikuwa kama umefunikwa na nguo.

Kisha ukaanza tena. Karibu zaidi. Ukakatika. Kitu kilipumua mbele ya uso wake, na ile pumzi ilikuwa na harufu ya udongo uliochimbuliwa chini sana, udongo usiojua jua. Akakaa chini. Ndipo kitu kikawekwa mapajani pake. Kizito. Kimelowa. Chenye kitovu katikati.

Rufina alilia, maana alimpenda huyu mtu. Lakini alilisukuma.

"Hapana," alinong'ona. "Si kwangu. Usinipe mimi mzigo wake. Mimi sikukuua, na sitakaa hapa kukulilia kila Jumapili huku yeye anakula. Ukitaka kupeleka karai, lipeleke kwa mwenyewe. Lakini subiri. Subiri siku yenye kitabu."

Uzito ukaondoka mapajani. Aliporudi kambini, Tibúrcio alimtazama miguuni, kisha akatazama nyuma yake, kwenye vumbi.

"Dada," alisema taratibu, "umekuja na nani?"

Kulikuwa na nyayo zake. Na pembeni yake kulikuwa na nyayo nyingine, zilizolowa. Zilifika hadi kwenye moto. Hazikurudi.

Msimamizi wa mfalme alifika Oktoba, mzee aliyeanza safari mnene akafika na ngozi inayoning'inia. Alikuwa na kitabu, kalamu ya unyoya, na kikopo cha mchanga mweupe wa kunyunyizia juu ya wino ili ukauke. Wachimbaji walikuwa wamekusanyika Jumapili kwa ajili ya misa, kwa hiyo akasema kazi ifanyike siku hiyohiyo, baada ya kula, kwenye kibanda cha Kapteni.

Chakula kilikuwa funza wa mianzi. Mtu yeyote wa milima hii anajua sheria yake: kichwa hung'olewa. Anayemla na kichwa hulala siku nzima akiota mambo ya ajabu, akiamka hajui alilosema wala aliloona. Wageni hawakujua hilo, na kwa njaa walikula bila kuchagua. Bonde zima lilikuwa na watu waliolala wakitabasamu.

Rufina aliketi mbele ya Msimamizi akawang'oa vichwa funza wa Kapteni, mmoja baada ya mwingine. Kila kichwa alikipanga juu ya jani la mgomba pori, safu kwa safu, na kila funza alimwonyesha mzee kabla ya kumtupa chunguni.

"Unafanya nini, mwanamke?"

"Nataka Bwana Msimamizi awe shahidi. Hakuna kichwa hata kimoja kilichoingia kwenye sahani ya Kapteni."

"Kwa nini?"

"Ili kesho asiseme alikuwa ndotoni."

Tibúrcio akakohoa ili asicheke. Kapteni alitazama sahani yake kwa muda. Kisha akala, maana watu walikuwa wanamtazama, na alikuwa na njaa.

Ukungu ulishuka meza ilipokuwa inapanguswa. Uliingia mlangoni kama mtu aliyealikwa.

Msimamizi alifungua kitabu. "Kapteni Estêvão Falcato. Unatamka kwamba umevumbua dhahabu kwenye kijito hiki?"

"Natamka."

"Siku gani?"

"Jumatatu."

Kalamu ikaandika. Mzee akachukua kikopo, akanyunyiza mchanga juu ya wino. Akakitikisa tena. Akakichungulia.

Mchanga ulikuwa mweusi. Ulikuwa umelowa. Ulianguka juu ya ukurasa kwa vitonge, na neno lililokuwa chini yake likavimba na kumomonyoka.

"Kikopo kimeingia maji," mzee alisema, lakini sauti yake haikuamini. Akaandika upya. "Jumatatu, umesema?"

Shwaa.

Mlio huu haukutoka mtoni. Ulitoka nje ya ukuta.

"Jumatatu," alisema Kapteni.

Shwaa. Shwaa. Mlangoni.

Mmoja wa wachimbaji alijipiga ishara ya msalaba akatoka mbio kupitia dirishani. Wengine walibanana ukutani. Kwenye sakafu ya udongo, ambayo Rufina alikuwa ameifagia asubuhi, ikatokea alama ya unyayo. Imelowa. Kisha nyingine. Vidole vitano, kisigino, mchanga mweusi pembeni. Hapakuwa na mtu juu yake.

Zikaja moja kwa moja hadi kwenye kiti cha Kapteni. Zikasimama.

Rufina alisogea mbele. Hakuruhusiwa kusema. Alisema.

"Mwulize tena, Bwana."

"Nyamaza wewe!" Kapteni alifoka, lakini hakumtazama. Alikuwa anatazama chini. Suruali yake ilikuwa inalowa mapajani. Ililowa kwa duara. Duara pana. Ngozi ya kiti ikalalamika kama kiti kilichopakatishwa jiwe. Alijaribu kuinuka. Hakuweza.

"Mwondoe," alimnong'oneza Rufina. "Mwondoe, nitakupa karatasi yako ya uhuru. Leo. Sasa."

"Sitaki unipe. Ya kwangu alishaiosha Amaro."

"Nitakuua."

"Niue. Tutakuwa wawili mapajani."

Tibúrcio alisimama kando ya Rufina. Kisha mwanamke wa Benguela, mtumwa mwenzao aliyepika, kisha wengine wawili, bila kuambiana. Hakuna aliyeshika silaha. Walisimama tu, wakamtazama bwana wao kama unavyomtazama mtu anayeulizwa swali rahisi.

Maji yalianza kudondoka kutoka kwenye kiti. Matone meusi.

Tik.

Tik.

Mzee aliinua kalamu. "Kapteni. Kwa jina la mfalme, na kwa msalaba. Siku gani?"

Kabla sijakwambia alichojibu: kile kitabu bado kipo. Kiko kwenye chumba cha nyuma cha kanisa moja huku kwetu, na mama anayekitunza, Dona Eulália, ni mtu mkavu asiyependa hadithi. Nilipomwomba ukurasa ule alileta kwanza brashi. Alikifungua, akafagia mchanga mweusi uliokuwa umejikusanya kwenye mshono wa kurasa, akaumimina kwenye gazeti. "Kila wiki," alisema, kama anayelalamikia mchwa. Wameshabadilisha kabati, wameshabadilisha chumba. Nilipeleka kiasi kidogo kwenye maabara ya chuo. Wakaniambia ni mchanga wa mtoni, wa kawaida kabisa, wakaniuliza kwa nini niliwapelekea ukiwa umelowa. Nilikuwa nimeupeleka kwenye bahasha, na safari ilichukua siku nne.

Neno lile lililomomonyoka halisomeki hata sasa. Chini yake, kwa mwandiko wa mzee aliyeandika haraka, kuna yale Kapteni Falcato aliyoyasema kwa sauti, mbele ya watu kumi na wanne na mjane mmoja, akiwa amekaa, mikono ikiwa hewani ili isiguse kilichokuwa mapajani pake:

"Jumapili. Ilikuwa Jumapili. Aliniita mwenyewe, alikuwa anacheka, alisema njoo uone, Bwana, njoo uone ilivyo nzuri. Nikamwambia ainame anionyeshe. Akainama. Nikampiga na sululu, na shimo langu la kwanza nimelichimba juu yake."